Gari la Dizeli la Safari Linazungushwa na Stata Lakini Haliwaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wenye magari ya dizeli ya kazi ngumu, yaani Land Cruiser, Prado, Hilux, Land Rover Defender na Discovery, Patrol, Pajero na mengine ya jamii hiyo, wanaoishi Nairobi na kuyapeleka Magadi, Maasai Mara, Samburu au mashambani. Yameandikwa kwa sababu pampu nyingi za dizeli hufunguliwa na kulipiwa fedha nyingi ilhali kosa lilikuwa kwenye waya, fyuzi au mpira wa mafuta uliopasuka. Pampu ni kitu cha mwisho kushukiwa, na mpangilio wa maswali haya unafuata msimamo huo.

Nitajuaje kwamba stata na betri si tatizo?

Sikiliza kasi ya mzunguko. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa sababu pistoni hugandamiza hewa mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za selsiasi, na dizeli inyunyizwapo ndani ya hewa hiyo hushika moto yenyewe. Hewa ikigandamizwa polepole, joto hupotelea kwenye kuta za silinda na upepo huvuja kandokando ya ringi za pistoni, kwa hiyo injini inayozunguka kwa uvivu haiwaki hata kama kila kitu kingine ni kizima. Injini nyingi huhitaji mizunguko kati ya 150 na 250 kwa dakika.

Pima betri kwa mita kabla ya kupiga stata: iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Kisha mwambie mtu azungushe injini huku ukitazama mita, na ikishuka chini ya volti 10 hivi, shughulikia betri, vichwa vyake na waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Katika magari yenye betri mbili, moja ikifa huivuta nzima nayo, kwa hiyo zitenganishe na upime kila moja peke yake. Usipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo. Ipe dakika moja ipoe.

Stata iko sawa. Nianzie wapi?

Anzia nyuma ya gari, kwenye bomba la ekzosi. Mwombe mwenzako azungushe injini kwa sekunde 10 na wewe utazame moshi, kwa sababu moshi hukwambia katika muda huo mfupi jambo ambalo fundi asiye na subira atalitafuta mchana kutwa kwa kufungua vitu.

Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki ndani ya silinda. Kama kuna moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayashiki moto, na sababu huwa ni upungufu wa joto, mgandamizo hafifu au taimingi (wakati wa kunyunyiza mafuta) iliyohama. Moshi mweusi wakati wa kuzungusha ni nadra zaidi, na humaanisha kwamba mafuta yapo ila hewa haitoshi: filta ya hewa imeziba kwa vumbi, mpira wa kuingizia hewa umenywea ndani, panya amejenga kiota kwenye kasha la filta, au kile kibati cha kufunga njia ya hewa kilichoko kwenye baadhi ya injini kimekwama kikiwa kimefungwa.

Hakuna moshi kabisa. Ina maana pampu imekufa?

La. Kwanza hakikisha kwamba tangi lina mafuta, na usiiamini geji ya gari linalopita barabara mbovu, kwani mkono wa kuelea ndani ya tangi hukwama. Gari lenye matangi mawili lina pia swichi au vali ya kuchagua tangi, nayo huenda imegeuzwa bila wewe kujua.

Baada ya hapo, katika injini za pampu ya kawaida kama vile 1HZ ya Land Cruiser au 200Tdi na 300Tdi za Land Rover, kagua solenoidi ya kukata mafuta. Hiki ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye pampu, chenye waya mmoja juu, ambacho hufungua njia ya mafuta kinapopata umeme na kuifunga umeme unapokatika. Ndicho kinachozima injini ukirudisha funguo. Fungua swichi bila kupiga stata, umwambie mtu aweke kidole juu ya solenoidi au asikilize kwa karibu: lazima ilie "tak" mara moja. Isipolia, pima umeme kwenye ule waya kwa taa ya majaribio, swichi ikiwa imefunguliwa na pia stata inapozunguka, kwa sababu ziko swichi za funguo zilizochakaa ambazo huleta umeme funguo inapokuwa mahali pa kuendeshea na kuupoteza inapofika mahali pa stata.

Kama umeme haufiki, chomoa waya huo na uunganishe kwa muda waya mwingine wenye fyuzi kutoka upande chanya wa betri hadi kwenye solenoidi. Hakikisha kwanza kwamba volti ya solenoidi ni ile ya betri unayotumia, kwa maana baadhi ya magari haya yana mfumo wa volti 24. Injini ikiwaka, umeshajua kwamba pampu ni nzima na kwamba tatizo liko kati ya sanduku la fyuzi na pampu. Kumbuka kwamba injini haitazimika kwa funguo ukiwa umeiunganisha hivyo. Utaizima kwa kuuchomoa ule waya.

Gari langu lina treka. Je, inaweza kusababisha haya?

Ndiyo, na hapa Nairobi ningeishuku mapema sana. Benki zinazokopesha magari na kampuni za bima huhitaji mara nyingi kwamba gari lifungwe kifaa cha kulifuatilia, na vingi vya vifaa hivyo huja na relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kulizima gari likiibwa. Mfungaji hukata waya mmoja muhimu, wa stata, wa solenoidi ya mafuta au wa pampu ya umeme ya tangini, na kuupitisha kwenye relei yake. Maungio yaliyofanywa kwa haraka na kuzungushiwa utepe hulegea baada ya miezi ya kutikisika kwenye mawe, na relei yenyewe huungua. Tafuta nyaya zisizofanana na za kiwandani chini ya dashibodi na ufuate zinakoelekea, kisha uwasiliane na kampuni iliyokifunga ili ithibitishe kwamba haijatuma amri ya kuzima na imtume fundi wake aikague relei. King'ora kilichofungwa na mwenye gari wa zamani hukaguliwa kwa njia hiyo hiyo.

Magari ya kisasa yana ulinzi wa funguo yenye chipu pia. Mengi yao hukuruhusu kupiga stata lakini kompyuta hukataa kutoa mafuta ikiwa haiitambui funguo, na taa ndogo ya funguo kwenye dashibodi huendelea kumetameta. Jaribu funguo ya akiba kabla ya kumwita mtu.

Solenoidi inalia vizuri, lakini bado hakuna moshi. Nini kinafuata?

Hewa ndani ya mfumo wa mafuta. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote katika magari yaliyozeeka, na inastahili uvumilivu. Pampu husukuma mafuta kwa sababu kimiminika hakibonyei. Hewa hubonyea, kwa hiyo kiputo kikikaa kwenye njia, pampu hukibonyeza na kukiachilia bila nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli cha kila silinda, kufunguka.

Dalili yake inajulikana. Gari huwaka vizuri likilala limeelekea mteremko na kugoma likilala pua ikiwa juu, kwa maana usiku mafuta yanarudi tangini na hewa inachukua nafasi yake. Hewa huingia mahali ambapo mafuta si lazima yavuje: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, wosha ya shaba iliyotumika mara nyingi, raba ya pampu ya mkono iliyoko juu ya filta, au filta mpya iliyofungwa bila raba yake kukaa sawasawa. Ikiwa gari limeanza kugoma siku moja au mbili baada ya kubadilishiwa filta, usitafute kwingine kabla ya kurudi pale.

Kuitoa hewa hakuhitaji gereji. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kichwa cha filta, au mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu kama skrubu haipo, kisha upige pampu ya mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu, na ukaze skrubu yakiwa yangali yanatoka. Endelea kupiga hadi pampu ya mkono iwe ngumu. Ikiwa haikazi hata kidogo, basi inavuta hewa kutoka upande wa tangi au raba yake imechoka. Halafu legeza kidogo nati za bomba kwenye nozeli mbili au tatu, piga stata, na uzikaze mafuta yanapoanza kuruka. Mara nyingi injini huanza kutetemeka na kuwaka kwa silinda chache kabla hujamaliza kukaza.

Ili kujua hewa inaingilia wapi, weka kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu na utazame mapovu. Kipimo chenye uhakika zaidi ni jerikani safi ya dizeli iliyowekwa juu ya usawa wa injini, ikilisha pampu moja kwa moja kupitia filta ndogo, na mpira wa mafuta yanayorudi ukiingizwa kwenye jerikani hiyo hiyo. Gari likiwaka na kuendelea kunguruma namna hiyo, kosa liko kwenye tangi, kwenye bomba la chini ya gari au kwenye filta kuu, na pampu imeondolewa lawama. Ningependa kila mwenye gari asisitize jaribio hili lifanywe kabla pampu haijafunguliwa hata boliti moja.

Naweza kulegeza nati za nozeli hivyo hivyo kwenye Prado au Hilux ya D-4D?

Hapana, kamwe. Injini za D-4D kama 1KD-FTV hutumia mfumo wa komoni reli, ambamo mafuta hukaa kwenye bomba la pamoja kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,600 injini inapofanya kazi. Mafuta yanayotoka kwenye ufa mdogo kwa shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake huonekana dogo kwa nje huku nyama ya ndani ikiharibika; mtu aliyepigwa hivyo anapaswa kupelekwa hospitali mara moja hata kama haumii sana. Usipitishe mkono kutafuta mvujo. Katika injini hizi hewa hutolewa kwa pampu ya mkono ya filta tu, upande wa shinikizo dogo.

Basi gari la komoni reli nilikague vipi?

Tazama kwanza mshale wa mizunguko kwenye dashibodi wakati stata inazunguka. Katika magari mengi husogea kidogo. Usiposogea kabisa, sensa ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inaweza kuwa imekufa, imejaa chembe za chuma, au waya wake umekatika, na bila sensa hiyo kompyuta haijui wakati wa kunyunyiza mafuta. Tazama pia kama taa ya injini huwaka unapofungua swichi na kabla ya kupiga stata. Isipowaka, kompyuta yenyewe haipati umeme, kwa hiyo anza na fyuzi na relei kuu.

Baada ya hapo skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inahitajika, na ni vyema fundi asome namba zinazobadilika stata ikizunguka, si misimbo iliyohifadhiwa peke yake. Msimbo P0335 unahusu sensa ya krankishafti, na P0087 unasema shinikizo la reli ni dogo mno. Injini nyingi za aina hii hazitanyunyiza mafuta hadi reli ifike mahali fulani kati ya bar 150 na 300 wakati wa kuzungusha. Ikiwa haifiki hapo, sababu kwa mpangilio wa gharama ni filta iliyoziba, hewa, vali ya kudhibiti uingiaji wa mafuta iliyoko kwenye pampu, ambayo kwa injini za Toyota zenye pampu ya Denso inajulikana kwa kuchoka, nozeli zinazorudisha mafuta mengi kupita kiasi, na hatimaye pampu. Nozeli hupimwa kwa kuelekeza mafuta yanayorudi ya kila moja kwenye chupa yake na kulinganisha viwango. Chupa moja ikijaa haraka kuliko nyingine, mkosaji amepatikana.

Land Rover ya Td5, ambayo si ya komoni reli lakini hutegemea kompyuta vilevile, ina mambo yake mawili. Pampu yake ya mafuta iko ndani ya tangi na lazima uisikie ikivuma unapofungua swichi. Aidha, oili hupanda ndani ya nyaya za nozeli zilizo chini ya kifuniko cha juu cha injini na kufika hadi kwenye plagi nyekundu ya kompyuta. Ichomoe uitazame, na ukikuta oili, isafishe kwa dawa ya vifaa vya umeme kisha ubadilishe nyaya hizo.

Kuna moshi mweupe mwingi asubuhi, lakini mchana gari linawaka. Kwa nini?

Plagi za hita, yaani zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwaka. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 18, na asubuhi za Julai joto huweza kushuka hadi kama nyuzi 10. Limuru ni baridi zaidi. Kwa sababu hiyo gari lililowaka bila shida Mtwapa linaweza kugoma likifika huku, nalo halijaharibika njiani.

Injini zenye chumba kidogo cha pembeni cha kuanzishia moto, kama 1HZ, hutegemea sana plagi hizi. Zile zinazonyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, kama 300Tdi, mara nyingi huwaka hata plagi zikiwa zimekufa, hivyo 300Tdi inayogoma huku ikitoa moshi mweupe inadokeza tatizo jingine.

Ondoa bati linalounganisha plagi, unganisha taa ya majaribio na upande chanya wa betri, na uguse kichwa cha kila plagi: taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Plagi zote zikiwa nzima, pima kama umeme unafika kwenye bati hilo unapofungua swichi. Relei ya hita huchoka pia. Ukinunua plagi mpya Kirinyaga Road au kwingineko, soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wa plagi na uilinganishe na ya zamani, maana zinazofanana kwa umbo hutofautiana kwa volti na zisizofaa huungua upesi.

Je, nipulize dawa ya kuwashia au petroli kwenye njia ya hewa?

Hapana. Mvuke huo hushika moto mapema mno, hasa plagi za hita zikiwa moto, na unaweza kuvunja ringi, kupasua pistoni au kumuunguza aliyesimama kando.

Inawezekana mafuta niliyojaza ni mabaya?

Inawezekana, hasa gari likigoma muda mfupi baada ya kujazwa. Fungua skrubu iliyo chini ya filta na ukinge kwenye chupa ya kioo. Maji hukaa chini, na dizeli huelea juu yake. Ute mweusi unaoteleza ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana, na huonekana zaidi kwenye gari lililokaa muda mrefu bila kutumika. Mafuta ya taa nayo yamewahi kuchanganywa na dizeli kwa sababu ya tofauti ya bei, hata serikali ya Kenya ikaweka mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida hiyo. Mchanganyiko huo hauzuii gari kuwaka mara moja, bali huipunguzia pampu ulainisho wake.

Ukijaziwa petroli kwa makosa, usifungue hata swichi. Tangi litolewe mafuta yote kwanza.

Gari limepita kwenye mto au mafuriko, na sasa haliwaki.

Usipige stata tena kabla ya kufungua kasha la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, chukulia kwamba maji yameingia kwenye silinda; toa plagi za hita zote, kisha uzungushe injini ili maji yaruke nje. Pistoni inayokutana na maji hukunja fimbo yake, na ukarabati wake ni kuifumua injini nzima. Kama filta ni kavu kabisa, kagua maungio ya nyaya, fyuzi na mdomo wa ekzosi, ambao unaweza kuwa umezibwa na tope.

Stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida. Ni dalili nzuri?

Ni dalili ya kukufanya uache mara moja. Mlio laini usio na mapigo humaanisha mgandamizo umepotea, na mara nyingi mkanda wa taimingi umekatika. 1HZ na 300Tdi zote zina mkanda wa raba. Kila mzunguko wa ziada unaweza kuongeza idadi ya vali zilizopindwa.

Nilisukume au nilivute kwa gari jingine?

Ikiwa betri ndiyo dhaifu na gari ni la gia za mkono lenye pampu ya kawaida, sawa. Ikiwa stata inazungusha vizuri na injini haiwaki, kuvuta hakutaongeza chochote ambacho stata haikutoa. Gari la gia za otomatiki halivutwi kwa ajili ya kuwashwa.

Ni wakati gani basi nikubali kwamba pampu au injini imechakaa?

Wakati umeme unafika kwenye solenoidi, jerikani iliyowekwa juu haikusaidia, hewa imetolewa, na bado mafuta hayaruki kwenye mabomba ya nozeli, pampu ya kawaida ipelekwe kwa wataalamu wenye mashine ya kupimia pampu, ambao wako Industrial Area na kwingine jijini. Kabla haijatolewa, fundi aweke alama ya mahali pampu ilipokaa ili taimingi isipotee. Omba vipimo kwa maandishi kabla na baada ya ukarabati, na shinikizo ambalo kila nozeli hufungukia, kisha urudishiwe vipuri vyote vilivyotolewa.

Kama mafuta yanaruka, plagi za hita ni nzima, na moshi mweupe hauishi, kinachobaki ni kupima mgandamizo kwa geji ya dizeli, si ya petroli. Injini nyingi zenye afya hutoa kati ya bar 25 na 40. Zilizo chini ya 20 huwaka kwa taabu, na silinda moja kutofautiana sana na wenzake ni jambo zito kuliko zote kuwa chini kidogo kwa pamoja. Kipimo hicho kifanywe betri ikiwa imejaa, au namba zitadanganya.